Ukisema "Oto", Umesema Nini?

Rafiki yangu, mwalimu wa shule ya msingi hapa Keringet, aliweka akiba kwa miaka kadhaa akitafuta gari dogo la mtumba. Masharti yake yalikuwa mawili: lisile mafuta mengi, na liwe oto. Sharti la pili lilitoka kwenye goti lake la kushoto, ambalo halitaki tena habari za klachi. Tukashuka Nakuru kuzunguka yadi za magari, na kote jibu lilikuwa lilelile. Vitz, oto. Demio, oto. Fit, Note, Passo, zote oto. Nilipozidi kuuliza oto ya aina gani, muuzaji mmoja alinitazama kama niliyemwuliza maji ni ya aina gani. "Oto ni oto, mzee," akasema. Hakujua tunatoka Keringet, mji ambao jina lake limebandikwa kwenye chupa za maji nchi nzima. Kwetu hata maji yana aina.

Neno hili "oto" limefupishwa kutoka "otomatiki", na kwa gari maana yake ni kwamba dereva habadilishi gia kwa mkono wala hana pedeli ya klachi. Wanaolitafsiri badala ya kulitohoa huandika "-a kujiendesha". Tafsiri hiyo inaweza kufaa kwa pampu au kengele ya moto. Ukiivisha gari, inadanganya. Gari la kujiendesha ni lile lisilo na dereva, kama teksi zinazobeba abiria San Francisco bila mtu kwenye usukani. Goti la mwalimu linastaafu, lakini mikono na macho yake bado yanahitajika, hasa kwenye kona za kuelekea Molo asubuhi ya ukungu.

Kosa limejificha katika kiambishi "ji". Kinamrudishia mtendaji kitendo chake: anayejisifu anamsifu nani? Nafsi yake. Gari likijiendesha, linajiendesha lenyewe. Kinachojifanyia kazi hapa ni gia, kwa hiyo "ji" ikae kwenye gia: gia za kujibadili, au gari linalojibadili gia. Napenda jina hili kwa sababu halihitaji maelezo. Hata nyanya asiyewahi kushika usukani ataelewa kwamba kuna kitu kilichokuwa kikibadilishwa na mtu na sasa kinajibadili. Lina kasoro moja, nitaifikia.

Wenzetu wa Tanzania wanasema mwanasiasa "amebadili gia angani" akigeuka ghafla katikati ya safari. Msemo huo ulivuma sana kwenye uchaguzi wao wa 2015. Ni msemo wa watu waliozaliwa na gia za mkono. Sijui mjukuu atakayejifunza kwa oto ataupokeaje. Na hapa Kenya wa kujifunza kwa oto wapo wengi, maana leseni yenyewe imegawanywa: daraja la B1 ni la magari madogo ya otomatiki peke yake, na B2 ni la otomatiki pamoja na gia za mkono. Kijana wa huku kwetu Kuresoi mwenye B1 hawezi kisheria kushika pikapu ya babake ya gia za mkono kupeleka viazi sokoni. Neno tunalolitamka kwa wepesi limeingia kwenye sheria, na limekata mpaka.

Sasa tufungue boneti. Chini ya jina hilo moja kuna mashine ambazo hazina undugu.

Ya kwanza ndiyo kongwe. Ndani yake mna gia halisi, nne, tano, sita au zaidi, na mafuta yenye shinikizo ndiyo huamua ipi ishike. Mahali pa klachi pana kifaa ambacho mafundi huita konveta: mfano wa feni mbili zinazotazamana ndani ya mafuta, moja imeshikana na injini, nyingine na giaboksi. Feni ya injini ikizunguka, mafuta huisukuma ya pili, kama upepo unavyozungusha feni ya karatasi. Mjerumani Hermann Föttinger alikipatia hataza kifaa hicho mwaka 1905, tena kwa ajili ya meli. Giaboksi yenyewe iliingia kwenye magari ya kuuzwa kwa wingi General Motors ilipotangaza Hydra-Matic mwaka 1939. Hii naiita giaboksi ya ngazi, kwa sababu gari hupanda mwendo kidato kwa kidato, na ukisikiliza vizuri utasikia kila kidato kikikanyagwa.

Ya pili haina gia za kubadilisha. Kuielewa, nenda kwenye mashine ya posho ya jirani. Mota ina puli, kinu kina puli, na mkanda umezizunguka zote mbili. Ukiweka puli ndogo kwenye mota na kubwa kwenye kinu, kinu kinazunguka polepole lakini kwa nguvu. Ukigeuza, kinakwenda mbio na nguvu inapungua. Fikiria sasa puli ambazo zinaweza kujipanua na kujibana zenyewe huku mkanda unazunguka. Hakuna kidato cha kuruka. Kutoka nguvu hadi mbio ni mteremko mmoja usio na ngazi. Ndugu wawili wa Uholanzi, Hub na Wim van Doorne, waliionyesha dunia gari la namna hiyo mwaka 1958, DAF 600, likiwa na mikanda ya mpira. (Gari hilo liliweza kwenda kinyumenyume kwa kasi ileile ya kwenda mbele, na Waholanzi, watu wa mzaha, waliyashindanisha hivyo.) Leo mkanda ni wa chuma, umeunganishwa kwa vipande vidogo mamia, na Wajapani wameuweka karibu katika kila gari lao dogo. Hapo ndipo "gia za kujibadili" inapokwama, kwa kuwa gia zenyewe hazipo. Hii naiita giaboksi ya mkanda. Kwenye karatasi za mauzo utaona herufi CVT.

Ya tatu ni giaboksi ya mkono iliyotafutiwa kibarua: klachi zipo, tena mbili, moja ikiachia nyingine inashika, ila kompyuta ndiyo inayozikanyaga. Klachi pacha. Honda Fit ya mseto iliyotoka Japani mwaka 2013 ilikuja nayo, na Honda wenyewe waliyaita magari hayo kiwandani zaidi ya mara moja kurekebisha. Kuna hata ya nne: Nissan Note ya e-Power, ya tangu 2016, ambayo injini yake kazi yake ni kuzalisha umeme na mota ndiyo inayosukuma magurudumu. Hiyo haina gia za kujibadili wala mkanda. Yadini inaitwa nini? Oto.

Mtu wa Mombasa anaweza kusema haya ni mambo ya walimu wa lugha. Anaendesha gari kwenye ardhi iliyolala, usawa wa bahari. Sisi tuko juu ya mita 2,000, na hewa nyembamba huinyang'anya injini isiyo na tabo karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000. Gari la lita moja likifika kwetu limeshapoteza moja ya tano kabla halijapakia hata gunia. Kisha lipakie watu wanne na magunia mawili ya viazi, likutane na kilima cha udongo uliolowa. Giaboksi ya mkanda hapo hupandisha mngurumo hadi sauti moja na kubaki nayo, kama posho mill yenyewe, na mafuta yake yanachemka. Mkanda ukianza kuteleza kwenye puli unajila wenyewe, na unga wa chuma unazunguka na mafuta. Kwa barabara ya lami na mtu mmoja na mkoba wake ni mashine nzuri, laini, na inabana mafuta. Lawama si zake. Ila ukiimwagia mafuta ya giaboksi ya ngazi kwa sababu fundi amesema "oili ya oto ni moja", umeiua, na aliyeiua ni neno.

Mfano mzuri ni Probox, punda wa barabara zetu. Zile za kwanza, tangu 2002, oto yake ilikuwa ya ngazi, gia nne. Mwaka 2014 Toyota walilifanyia gari hilo mabadiliko makubwa na oto ikawa ya mkanda. Umbo ni karibu lilelile, jina ni lilelile, na dereva anayelibebesha kabichi hadi paa hana habari. Na kwa kuwa kanuni za Shirika la Viwango la Kenya haziruhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, Probox ya ngazi nne huwezi tena kuiagiza Japani. Itafute humu humu nchini, kwa mtu aliyekwisha kuichosha.

Watanicheka, najua. "Giaboksi ya ngazi" itaitwa Kiswahili cha vitabuni. Lakini magari haya yakiwashwa humsalimu mwenye gari kwa Kijapani, kila asubuhi, yakimkumbusha kadi ya kulipia barabara za Japani, na hakuna anayecheka. Tunavumilia lugha tusiyoijua hata neno moja, tunaona haya na yetu.

Kule yadini Nakuru tuligundua tofauti kwa njia rahisi. Tuliomba kuendesha, tukatoka na kila gari hadi kwenye mwinuko, tukakanyaga mafuta taratibu huku macho yakiwa kwenye mshale wa mizunguko ya injini. Ukipanda na kushuka, ukapanda tena na kushuka, ni ngazi. Ukipanda na kung'ang'ania palepale huku mwendo ukiongezeka, ni mkanda. Tulitoa gia kutoka P kwenda D gari likiwa baridi, tukangoja kusikia kama kuna kishindo au kusita. Palipokuwa na kijiti cha kupimia tulinusa mafuta ya giaboksi. Yakinuka kuungua tuliaga kwa heshima.

Mwalimu alichukua Mazda Demio ya kizazi kilichoanza 2014: giaboksi ya ngazi, vidato sita. Tumbo lake liko chini mno kwa barabara za huku, na mwaka haujaisha ameshabadilisha bushi za mbele mara mbili. Giaboksi haijaguswa, isipokuwa mafuta.