Amplifaya ya gari: kuunga na kurekebisha

Amplifaya ya gari ni kifaa kinachopokea mawimbi dhaifu ya sauti kutoka kwa redio na kuyapa nguvu ya kusukuma spika. Katika Nyeri, Karatina, Nanyuki, Kerugoya, Embu na Meru, kazi ya kuifunga hufanywa na mafundi wa umeme wa magari, hasa katika matatu za abiria 14 na magari madogo kama Toyota Probox. Sauti nzuri hutokana zaidi na ufungaji na marekebisho kuliko wati zilizochapishwa kwenye kasha.

Redio

Magari mengi ya eneo hili huagizwa kutoka Japani yakiwa yameshatumika. Redio nyingi za huko ziliundwa kwa masafa ya FM yanayoanzia megahezi 76 na kukomea 90, ilhali vituo vya Kenya hutangaza kati ya 87.5 na 108. Kuna wanaofunga kigeuza masafa kwenye waya wa antena. Anayetaka amplifaya hufaidi zaidi akibadilisha redio yenyewe, kwa kuwa redio nyingi mpya zina matundu ya RCA ya kutolea sauti, ambayo redio iliyokuja na gari mara nyingi haina.

Nyaya

Waya chanya hutoka moja kwa moja kwenye betri na kupitia fyuzi iliyo karibu nayo, umbali usiozidi sentimita 45. Waya ukichunika na kugusa bodi, fyuzi hukatika kabla ya moto kuzuka. Unene wa waya hufuata mkondo wa umeme. Amplifaya ya daraja D inayotoa wati 500 kwa ufanisi wa asilimia 80 huvuta wati 625. Ukigawanya kwa volti 13.8 unapata takriban ampea 45. Hapo fyuzi ya ampea 50 na waya wa shaba wa milimita za mraba 20 hutosha. Waya wa alumini uliopakwa shaba ni wa bei nafuu, lakini hupitisha umeme kidogo kuliko shaba tupu, hivyo lazima uwe mnene zaidi.

Waya wa eathi huwa mfupi na hufungwa kwa bolti kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi kwa msasa. Barabara za changarawe za kwenye majani chai hulegeza bolti hiyo, kwa hiyo ni ya kukazwa kila gari linapofanyiwa huduma. Waya wa rimoti huwasha na kuzima amplifaya pamoja na redio. Ukiungwa moja kwa moja kwenye betri, amplifaya hukesha ikiwaka na asubuhi gari haliwaki, hasa Juni na Julai, miezi ambayo baridi ya mlimani tayari imepunguza nguvu ya betri.

Nyaya za sauti hupitishwa upande mmoja wa gari na waya wa umeme upande mwingine. Zikilazwa pamoja, spika zinaweza kutoa mluzi unaopanda kila dereva anapokanyaga mafuta.

Geini

Geini hulinganisha volti zinazotoka kwenye redio na zile ambazo amplifaya inahitaji. Si ya kuongezea sauti, na kuizungusha hadi mwisho ndiyo njia ya haraka ya kuunguza spika, kwa sababu mawimbi yaliyokatwa vichwa huzipasha moto nyuzi za ndani. Utaratibu ni huu:

1. Spika hutolewa, geini hushushwa kabisa, na viongezeo vyote vya besi huzimwa.
2. Injini huwashwa, redio hupandishwa hadi robo tatu ya sauti yake.
3. Hupigwa mlio wa majaribio wa hezi 1,000, au hezi 50 kwa wufa (spika ya besi).
4. Geini hupandishwa polepole huku mita ikisoma volti za AC kwenye matundu ya spika.

Volti za kusimamia ni kipeuo cha pili cha wati zikizidishwa kwa omu. Kwa wati 100 na spika ya omu 4, jibu ni volti 20. Spika mbili za omu 4 zikiungwa sambamba huwa omu 2, na si kila amplifaya huvumilia mzigo huo.

Vichujio

Spika za milangoni huzuiwa zisipokee sauti za chini ya hezi 80, na wufa isipokee za juu yake. Mugithi, muziki wa gitaa na sauti ya mwimbaji, hukaa zaidi katika masafa ya kati. Rekodi za zamani za Joseph Kamaru (1939–2018) wa Kangema zina besi chache, hivyo kuongeza besi huleta mvumo tu na kuyafunika maneno.

Usalama na sheria

Desibeli 85 kwa saa 8 ni kikomo kinachotumika sana kulinda masikio ya wafanyakazi, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda huo hupungua kwa nusu. Dereva na makanga wa Nyeri–Nairobi, njia ya kilomita 150 hivi, hukaa ndani ya sauti ya spika siku nzima. Kanuni za Kenya za mwaka 2009 za kudhibiti kelele na mitetemo hukataza kelele zinazosumbua watu. Marekebisho ya mwisho yafanywe milango ikiwa imefungwa na fundi akiwa kwenye kiti cha nyuma: abiria akiomba kushushwa, dereva amsikie bila yeye kupaza sauti.