Hadhira Iliyolipa Kiingilio

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili tunapenda sana kuitaja hadhira. Katika fasihi simulizi hatupumui bila ya kusema "fanani na hadhira". Lakini ipo hadhira moja kubwa ambayo tumeiacha nje ya mlango, nayo ni ile ya majumba ya sinema. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba watu wale walikuwa wahakiki, tena wahakiki waliolipia kazi yao.

Tuanze na historia kidogo. Unguja, ukumbi wa Royal ulijengwa Vuga katika miaka ya 1920. Ulipoungua katika miaka ya 1950, mahali pake pakajengwa Majestic. Dar es Salaam ilikuwa na Empire, Avalon, Odeon na nyinginezo, na mwaka 1966 ikaongezeka Drive-In, pale ambapo leo pana ubalozi wa Marekani. Humo watu waliangalia picha za Kihindi, karibu saa tatu nzima, katika lugha ambayo wengi hawakuijua.

Sasa tuwasikilize wakoloni. Kati ya 1935 na 1937 mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, wenye makao Vugiri, Tanga, ulitengeneza picha za kumfundisha Mwafrika kilimo, afya na adabu. Baadaye William Sellers wa Colonial Film Unit, kitengo kilichoanzishwa 1939, alishikilia kwamba mtazamaji wa Kiafrika anahitaji picha nyepesi, za mwendo wa polepole, zisizo na mbinu nyingi, ati asije akachanganyikiwa. Hivi huyo Mwafrika wa Sellers alikuwa nani? Maana si bibi yangu.

Bibi yangu, mtu wa Ng'ambo, alikuwa msichana mdogo ilipofika picha ya *Awaara*, aliyoitengeneza na kuichezea Raj Kapoor mwaka 1951. Alisuka ukili wiki nzima apate kiingilio. Alipofika dirishani tiketi zimekwisha, zote ziko kwa walanguzi, na bei imeshapanda. Basi akarudi nyumbani, akasuka tena. Mara ya pili akaingia, kumbe kiti kina kunguni, na katikati ya wimbo picha ikakatika. Ukumbi mzima miluzi na kelele: "Hela zetu!" Nilimwuliza kama alijuta. Akacheka: "Nijute nini, mjukuu wangu? Kunguni walinila mimi, mimi nikaila picha."

Hebu tuitazame hiyo picha. Jaji Raghunath anaamini kwamba mtoto wa mwizi lazima awe mwizi. Kwa shaka tu anamfukuza mkewe mjamzito. Mtoto wake mwenyewe, Raj, anakulia mtaani na kuwa mwizi. Mwishowe baba na mwana wanakutana mahakamani. Kwa Mswahili, dhamira hiyo ina jina tayari: mtoto wa nyoka ni nyoka. Picha nzima ni kesi dhidi ya methali hiyo.

Na kesi haikuishia ukumbini. Bibi anasema kutoka Vuga hadi Ng'ambo walibishana njia nzima. Wengine walisema methali haikusema uongo, kwani Raj si ameiba? Wengine wakajibu kwamba aliiba kwa njaa, si kwa damu, na mwenye hatia ni jaji. Hiki ni nini kama si uhakiki? Wamechukua kazi ya kigeni, wakaipima kwa fasihi yao wenyewe, wakatofautiana kwa hoja.

Nadhani kiingilio kina sehemu yake hapa. Mtu aliyelipa kwa jasho la vidole vyake hakubali kutoka mikono mitupu. Kama picha haikumpa maana, ataitafuta; kama imempa, ataitetea.

Msomaji anaweza kunipinga kwamba kumbukumbu za wazee hutiwa sukari, na kwamba bibi mmoja si ushahidi wa taifa. Nakubali. Tena mabishano hayakufa na majumba yale. Video ilipoenea na televisheni ikaanza Tanzania Bara mwaka 1994, kumbi nyingi zilikosa watu, lakini katika vibanda vya video msimulizi akasimama kuifasiri picha kwa Kiswahili. Fanani amerudi, bwana!

Hata hivyo hofu yangu ni hii. Maneno ya Sellers yameandikwa na yanahifadhiwa. Maneno ya wale waliotembea usiku wakimhukumu Jaji Raghunath hayakuandikwa, na wenyewe wanaondoka mmoja mmoja. Tukiendelea kukaa kimya, mtafiti wa kesho atamkuta Sellers peke yake maktabani. Kila mmoja wetu ana mzee nyumbani. Likizo hii tuwaulize, tena si jina la picha tu: kiingilio walikipata wapi, na njiani walibishana nini?