Majaribio ya tiba ya hofu: kutoka sindano ya amri mpaka vijiji 16 vya Kivu

Kila mara mtu mwenye karatasi na kalamu anapoingia ndani ya kambi ya wakimbizi wa ndani, habari inatembea mbio kuliko yeye. Wamama wanaacha vyungu motoni, vijana wanaulizana kama ni unga ama mahema, na mstari unajengeka kabla mgeni hajasema jina lake. Lakini si kila anayeandika majina analeta chakula. Wengine wanatafuta watu wa kushiriki katika utafiti wa matibabu. Wanataka kujua kama dawa fulani, ama mazungumzo ya aina fulani, yanaweza kupunguza hofu, wasiwasi na kukosa usingizi kunakowashika watu waliokimbia vita.

Familia inayoombwa kukubali ina haki ya kujua kazi hiyo ilitoka wapi na iliwatendea nini watu waliotangulia. Historia hiyo ina sehemu ya kutia hasira na sehemu ya kutia moyo. Zote mbili zilipita karibu na hapa.

Wakati hakuna aliyeulizwa

Mwanzoni mwa karne ya 20, ugonjwa wa malale uliua watu wengi sana kando ya Ziwa Victoria na ndani ya bonde la mto Kongo. Mwaka 1906 daktari Mjerumani Robert Koch, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka mmoja mbele, alifika visiwa vya Ssese, Uganda ya leo. Aliwachoma wagonjwa sindano za atoxyl, dawa iliyotengenezwa na arseniki. Wengi walionekana kupata nafuu kwa muda. Alipoongeza kipimo, baadhi yao walipofuka, na macho hayakurudi. Siku hizo kumwomba mgonjwa ruhusa haikuwa desturi ya waganga wa kikoloni.

Ndani ya Kongo ya Wabelgiji pia atoxyl ilitumika. Timu za waganga zilipita kijiji kwa kijiji, watu wakapangwa mstari, wakapapaswa shingo, wakachomwa. Tangu miaka ya 1940 ikaja dawa nyingine, Lomidine. Hii ilichomwa hata watu wazima wa afya, eti iwakinge na malale. Sindano za Lomidine zilifika mamilioni katika Afrika, Kongo ikiwemo, kabla kinga yake haijatiliwa mashaka na dawa hiyo kuachwa kwa kazi hiyo. Mtu aliyekataa kutoa mkono hakuhesabiwa kuwa mtu mwenye wazo lake. Alihesabiwa kuwa mkaidi.

Sheria ya kuomba ruhusa ilizaliwa mbali, baada ya maovu makubwa. Mwaka 1947, mjini Nuremberg, Ujerumani, mahakama ilitoa hukumu juu ya madaktari wa Hitler waliofanyia wafungwa majaribio ya kuua. Ndani ya hukumu hiyo ziliandikwa kanuni kumi. Ya kwanza inasema kwamba mtu lazima akubali kwa hiari yake mwenyewe, akijua anachokubali. Mwaka 1964 Chama cha Madaktari Ulimwenguni kiliongeza Azimio la Helsinki, ambalo limerekebishwa mara nyingi tangu siku hiyo. Leo utafiti wowote juu ya watu unapaswa kupitia kwanza kamati ya maadili. Ndani ya Kongo, Shule ya Afya ya Umma ya Kinshasa ni moja ya mahali penye kamati ya namna hiyo.

Hofu inapata jina la kitabibu

Ugonjwa wa malale unaonekana ndani ya darubini. Hofu haionekani hivyo. Kwa miaka mingi mtu aliyeruka usiku kwa sauti ya mlango, ama aliyeshindwa kwenda shambani kwa sababu njia ile ile ndiyo aliyoshambuliwa, aliambiwa ajikaze ama aombewe. Mwaka 1980 chama cha waganga wa akili wa Marekani kiliandika rasmi, ndani ya kitabu chake cha magonjwa, jeraha la akili linalobaki baada ya tukio la kutisha. Wakati huo kiliweka jeraha hilo kati ya magonjwa ya wasiwasi.

Dawa za kumeza zilijaribiwa, na mazungumzo pia. Miaka ya mwisho ya 1980, mwanasaikolojia wa Marekani Patricia Resick alianza kutengeneza tiba kwa wanawake waliobakwa. Tiba hiyo haina kidonge wala sindano. Inamfundisha mgonjwa kutambua mawazo yanayomfunga, kama vile «ni kosa langu» ama «hakuna mtu wa kuaminika tena», kisha kuyapima kama ni kweli. Kule Marekani ilionyesha matunda. Lakini wagonjwa wa kule walijua kusoma na kuandika, walikuwa na daktari aliyesomea kazi hiyo miaka mingi, na walirudi jioni nyumbani kusiko na vita. Je, ingefaa Kivu?

Vijiji 16, mwaka 2011

Swali hilo lilijibiwa na wanawake wa Kongo wenyewe. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, pamoja na shirika la International Rescue Committee na wenzao wa hapa, walianzisha jaribio katika vijiji 16 vya mashariki mwa Kongo, hasa Kivu ya Kusini. Walioalikwa ni wanawake waliopitia ama kushuhudia ubakaji, na ambao bado walikuwa na dalili nyingi za huzuni, wasiwasi na jeraha la akili. Maswali hayakuishia kwenye usingizi na machozi. Wanawake waliulizwa pia kama waliweza kulima, kupika, kulea watoto na kukaa na wenzao.

Vijiji viligawanywa kwa bahati nasibu, namna ya kupiga kura. Katika sehemu ya kwanza, wanawake walipata tiba ya mazungumzo katika vikundi: kikao kimoja cha mtu peke yake, kisha vikao 11 vya kikundi. Katika sehemu ya pili, waliendelea kupata msaada wa mtu mmoja mmoja, yaani kusikilizwa na kuelekezwa kwa muganga ama kwa mtu wa sheria walipohitaji. Kijiji kimoja kiliondolewa katika hesabu, kwa sababu uwezo wa msaidizi wa pale ulitiliwa mashaka. Walibaki wanawake 157 katika vijiji saba vya tiba, na 248 katika vijiji vinane vya msaada wa kawaida.

Walioongoza vikundi hawakuwa madaktari. Walikuwa wanawake wa hapa, wasaidizi wa kisaikolojia wenye miaka michache ya masomo baada ya shule ya msingi, waliopata mafunzo na kufuatiliwa kazini. Kwa kuwa wagonjwa wengi hawakujua kusoma, mafundisho yalirahisishwa ili yashikwe kwa kichwa. Tena hakuna mama aliyelazimishwa kusimulia mbele ya wengine jambo lililompata. Aina ya tiba iliyochaguliwa inafanya kazi juu ya mawazo ya leo, si juu ya kurudia tukio lote.

Vita haikungoja utafiti uishe. Wakati kazi ikiendelea, baadhi ya vijiji vya tiba vilipata mashambulizi, wizi wa watu wenye silaha na watu kukimbia makwao. Pamoja na hayo, matokeo yaliyotangazwa mwaka 2013 katika jarida la New England Journal of Medicine yaliwashangaza wengi. Mwanzoni, wanawake 71 kwa mia katika vijiji vya tiba walikuwa na dalili za huzuni ama wasiwasi wa kiwango cha ugonjwa. Miezi sita baada ya tiba, walibaki 9 kwa mia. Katika vijiji vingine walikuwa 83 kwa mia mwanzoni, na wakashuka hadi 42 kwa mia.

Hesabu hizo zinapaswa kusomwa kwa uangalifu. Sehemu mbili hazikuanza sawa, na wanawake wengi hawakuonekana katika mahojiano yote matatu. Waliokamilisha yote ni 65 kwa mia upande wa tiba, na 52 kwa mia upande wa pili. Hata hivyo tofauti ilikuwa kubwa mno kuitupa. Tangu hapo ni vigumu kusema kwamba tiba ya akili ni anasa ya nchi za amani, ama kwamba mama asiyejua kusoma hawezi kuifuata.

Majaribio mengine yalifuata njia hiyo. Mwaka 2013 yalitangazwa pia matokeo ya vikundi vya vijana wa Beni walioathirika na vita, wakiwemo waliokuwa askari watoto. Ngambo ya ziwa Tanganyika, katika kambi ya Nyarugusu nchini Tanzania, wakimbizi wanawake wa Kongo waliopigwa na wenzi wao walishiriki katika jaribio la tiba iliyoitwa Nguvu.

Swali linalobaki

Kuna mama katika vijiji vile vinane ambaye angeweza kuuliza: kwa nini kura ilinipeleka huku? Swali lake ni la haki. Jibu la watafiti ni kwamba, kabla ya jaribio, hakuna aliyejua ni njia ipi ingesaidia zaidi katika mazingira haya. Bila kulinganisha, tiba isiyofaa ingeweza kusambazwa kila mahali, kama Lomidine zamani. Jibu hilo linasimama tu ikiwa wa upande wa pili hawakuachwa bila msaada wowote, na ikiwa kinachopatikana kinarudi kwa watu waliokitoa. Matokeo yanayobaki ndani ya jarida la Kiingereza hayajamaliza safari yake.

Kwa hiyo familia inayoombwa leo kushiriki ina maswali ya kuuliza kabla ya kutia sahihi ama kidole. Je, hii ni tiba iliyothibitishwa ama bado inajaribiwa? Kamati gani ya maadili iliipitisha? Kura ikinipeleka upande wa pili, nitapata nini? Maneno yangu yatasikilizwa na nani, na jina langu litafichwa namna gani? Nikizidiwa usiku, nimtafute nani? Na vita ikitufukuza tena hapa, tiba itaendeleaje?

Maswali hayo yaulizwe kwa lugha ya mtu mwenyewe, na yajibiwe kwa lugha hiyo. Anayekataa hapaswi kupoteza unga, hema wala huduma ya kituo cha afya. Aliyekubali anaweza kutoka siku yoyote bila kueleza sababu. Kwenye visiwa vya Ssese hakuna aliyepewa nafasi hiyo. Katika vijiji vya Kivu, kila mwanamke aliyekaa katika duara la kikundi alikuwa na haki ya kusimama na kwenda zake.