Kalibu ikihifadhiwa, sanamu haijafa

Wandugu, leo tuongee juu ya vitu vidogo: sanamu za askari na mazimwi, za sentimeta 3 hivi, ambazo watu wa Uingereza na Marekani wanapanga mezani kwa mchezo wa vita. Zingine zinaacha kutengenezwa. Juu ya nini?

Kwanza, kalibu, ile tunaita mule. Sanamu za madini zinamiminwa ndani ya kalibu za mpira, na mpira unachoka na moto.

Pili, madini yenyewe. Mwaka 1993, kwa kuogopa sheria ya New York juu ya risasi, kampuni Ral Partha iliacha risasi. Bati, ile inayotoka katika kasiterite kama ya Kivu yetu, ni ghali zaidi. Bei ikapanda.

Tatu, lisansi. Si ile ya chuo! Ni ruhusa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Grenadier ilipoteza ruhusa ya Dungeons & Dragons, na sanamu zake zikasimama.

Nne, soko. Mwaka 2015 Games Workshop ilifunga Warhammer Fantasy Battle, na jeshi la Bretonnia likatoka madukani. Mwaka 2024 likarudi, pamoja na sanamu za zamani, kwa sababu kalibu zilihifadhiwa.

Sisi wa kilimo tunaelewa. Soko likikataa mbegu, mbegu haijafa bado. Inakufa siku mtu wa mwisho anapika ile ya kupanda. Maharagwe ya bibi zetu, aina ngapi ziko bado ndani ya kibuyu? Mwenye nazo asipike zote.