Mbio za Kobe Zilizoandikiwa Mtoto wa Mfalme

Mtoto wa mfalme wa Ufaransa alikuwa na miaka sita mwaka 1668, Jean de La Fontaine alipomtunukia kitabu cha mashairi ya wanyama. Zilikuwa ngano 124, pamoja na michoro 118 ya François Chauveau. Katika sehemu ya sita, kobe anamwita sungura washindane mbio.

Kisa chenyewe kilikuwa cha kale. Wagiriki walikisimulia kwa jina la Esopo, na katika simulizi yao mojawapo mbweha ndiye aliyechagua njia na kuweka kikomo. La Fontaine akamwacha mwamuzi nje. Anasema waziwazi kwamba nani aliamua, na dau lilikuwa nini, si shughuli yake. Kwangu, hapo ndipo ulipo ufundi wake: mtoto anayesomewa ndiye anayebaki kando ya njia, macho kwenye mstari.

Tena kuna mishororo yake. Sisi tuliolelewa na mizani nane kwa nane tunashtuka kidogo, kwa sababu mmoja una mizani 12, unaofuata una minane, wala hujui lini utabadilika. Isome kwa sauti uone inavyozifaa mbio. Sungura huyu halali tu. Anakula majani, anasikiliza upepo unatoka wapi, anaona ni kujishushia heshima kuondoka mapema. Anapochomoka kama mshale, kobe yuko karibu kufika.

Mchoraji hapewi nafasi ya kwenda polepole kisha kukimbia; hana budi kukamata tukio moja. Jean-Baptiste Oudry, aliyemchorea Mfalme Louis XV mawindo yake, alizichora ngano hizo kati ya 1729 na 1734, na vitabu vinne vikubwa vikatoka kuanzia 1755, mwaka aliofariki. Kwake mnyama alibaki mnyama, mwenye misuli na manyoya. J. J. Grandville, mwaka 1838, akawavika nguo za watu.

Mwanafalsafa Jean-Jacques Rousseau hakupendezwa kabisa. Katika kitabu chake Émile, mwaka 1762, alidai watoto hawazielewi ngano hizi, na kwamba huegemea upande wa mjanja au mwenye nguvu. Sidhani aliwatendea haki watoto.

Mbio za kobe husimuliwa kwingine pia: katika ngano nyingi za Afrika, kobe huwapanga jamaa zake njiani. Wote wanafanana, basi kila mpinzani wake akiita, anaitikiwa mbele. Mbinu hiyo hiyo imo katika masimulizi ya Weusi wa kusini mwa Marekani yaliyochapishwa na Joel Chandler Harris mwaka 1880, kobe akisaidiwa na mkewe na watoto. Kobe wa La Fontaine hana jamaa njiani. Anafika peke yake, na neno lake la mwisho kwa sungura ni juu ya nyumba aliyoibeba mgongoni muda wote.