Kasuku na Kibali: Sheria za Kufuga Ndege wa Porini katika Kongo ya Mashariki

Kamanyola, iliyoko katika bonde la Ruzizi, teritwari ya Walungu, Kivu ya Kusini, ni jina lijulikanalo kwa vita zaidi kuliko kwa ndege. Mapigano ya mwaka 1964 baina ya jeshi la serikali na waasi yaliupa mji huo sifa ambayo Mobutu aliitumia baadaye: divisheni moja ya jeshi lake ilipewa jina hilo, na vivyo hivyo uwanja mkubwa wa michezo wa Kinshasa, mpaka ulipobadilishwa jina mwaka 1997. Kwa mchunguzi wa sheria za wanyama, hata hivyo, mahali hapa pana umuhimu mwingine. Ndipo zinapokaribiana Kongo, Rwanda na Burundi, na ndipo barabara itokayo Bukavu inapoteremka kuelekea Uvira. Ndege aliyefungwa tunduni akivushwa mpaka hapa huwa ametoka katika sheria moja na kuingia katika nyingine.

Ndege anayehusika ni kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Yeye si mwenyeji wa bonde hili, ambalo ni nchi kavu ya nyasi. Makao yake ni msituni, ng'ambo ya milima ya Itombwe, kuelekea Shabunda na Maniema. Huko hata mojawapo ya komini za mji wa Kindu huitwa Kasuku. Kiswahili kilifika Maniema pamoja na misafara ya karne ya 19, kikabaki. Lakini sheria za kumhusu ndege huyo ziliandikwa kwa Kifaransa, na jambo hilo si dogo: mwenye tundu barazani alikuwa na jina la ndege tu, ilhali mwenye ofisi alikuwa na jina la kibali.

Chanzo cha sheria hizo ni cha kale kidogo. Mkataba wa London wa tarehe 19 Mei 1900, ambao Dola Huru ya Kongo ilitia saini, uliwataja tai wala mizoga, bundi na karani tamba miongoni mwa ndege wa kulindwa kwa sababu ya manufaa yao. Kasuku hakuwa miongoni mwao. Kwa mkoloni, suala kuu lilikuwa nani awinde na kwa silaha gani. Amri ya tarehe 21 Aprili 1937 ilihusu uwindaji na uvuvi. Ndege afugwaye nyumbani alibaki pembezoni mwa fikra hizo.

Zaire ilijiunga na mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vya porini, CITES, mwaka 1976. Rwanda ilifuata mwaka 1980, na Burundi mwaka 1988 tu. Kwa hiyo, kwa zaidi ya miaka kumi, mto Ruzizi ulitenganisha nchi yenye wajibu huo na nchi isiyo nao. Kasuku wa kijivu aliingizwa katika Orodha ya Pili ya mkataba mwaka 1981, yaani angeweza kuuzwa nje kwa kibali. Mwaka uliofuata, sheria ya tarehe 28 Mei 1982 ilipanga upya uwindaji nchini. Amri ya waziri ya mwaka 2004 ikafafanua utekelezaji wake.

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Utaratibu wa vibali ulimtambua mfanyabiashara mapema kuliko mfugaji. Mwindaji wa msituni hupaka ulimbo kwenye matawi, humweka kasuku mmoja awe chambo cha kuwaita wenzake, kisha huwanasa wengi kwa pamoja na kuwakata mabawa. Watafiti wamekadiria kwamba nusu hivi hufa kabla ya kufika sokoni. Kibali huhesabu walio hai wakati wa kusafirishwa. Waliokufa njiani hawana karatasi. Kiwango cha Kongo kilikuwa ndege 5,000 kwa mwaka, na mara nyingine kilipitwa. Mwezi Desemba 2010 zaidi ya kasuku 700 waliotoka Kongo walikufa ndani ya ndege ya abiria huko Afrika Kusini. Tangu 1975, zaidi ya kasuku milioni 1.3 waliokamatwa porini wameandikwa kuwa waliuzwa kimataifa.

Mkutano wa CITES uliofanyika Johannesburg mwaka 2016 ulimhamishia kasuku huyu katika Orodha ya Kwanza, kwa kura 95 dhidi ya 35. Kongo ilipinga, na baada ya hapo ikatoa tamko rasmi la kutofungwa na uamuzi huo. Biashara haikukoma: Aprili 2022 kasuku 122 walikamatwa Bunagana, mpakani mwa Uganda. Hatimaye, mwaka 2025, Wizara ya Mazingira ya Kongo ilipiga marufuku biashara yao nchini kote.

Marufuku hayo yanamfikia pia yule ambaye hakuwahi kuuza: mama wa Uvira aliyerithi kasuku kutoka kwa marehemu mumewe, kwani ndege huyu huweza kuishi miaka 40 na zaidi. Kituo cha Lwiro, kilichoanzishwa mwaka 2002 kaskazini mwa Bukavu kwa ajili ya sokwe, hupokea pia kasuku. Ndege aliyekatwa mabawa hawezi kurudishwa msituni mara moja. Hungojewa mpaka manyoya ya zamani yapukutike na mapya yaote.