Chuki Iliyopiga Majirani

Yona alitamani Ninawi iangamie. Mungu akamhesabia watu waliomo, zaidi ya 120,000, na mifugo yao. Hapa Kihagara bado wapo wanaosema Marekani ilistahili mabomu yaliyolipua balozi zake tarehe 7 Agosti 1998. Mwalimu Nyerere aliilaumu serikali ya Marekani waziwazi juu ya vita vya Vietnam, na kulaumu ni haki ya mtu. Lakini mabomu yale yalimpata nani? Nairobi walikufa watu 213, Wamarekani 12. Waliobaki karibu wote ni Wakenya waliotoka nyumbani asubuhi kwenda kazini. Dar es Salaam walikufa 11, Mmarekani hakuwamo hata mmoja. Walikuwemo walinzi wa ubalozi, Watanzania wenzetu waliokuwa langoni wakitafuta riziki.